Kura ya Dola Moja

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na sina ugomvi nayo. Lakini kila nikiitafakari naona kwamba imeficha sharti moja: ili kizuri kijiuze, ni lazima kwanza kionekane. Embe tamu kuliko yote, likiwa chini kabisa ya tenga, halitajiuza hata kidogo. Muuzaji anayejua kazi yake huliweka juu. Na mnunuzi mwenye busara hutia mkono chini ya tenga kabla ya kulipa, kwa sababu anajua kwamba yaliyo juu yalipangwa na mtu.

Basi swali la nani apange yaliyo juu ni swali la zamani sana. Katika magazeti kazi hiyo ilikuwa ya mhariri. Katika redio ilikuwa ya mtangazaji. Ilipokuja intaneti, ambayo kurasa zake hazina idadi, walitokea watu huko Marekani waliosema: hatumhitaji mhariri, wasomaji wenyewe wapige kura, na kile kitakachopendwa na wengi ndicho kipande juu. Nataka kusimulia kwa kifupi jinsi jaribio hilo lilivyoanza, jinsi fedha ilivyoingia ndani yake, na yaliyotokea baadaye. Naamini lina funzo kwa kila anayetafuta kusikilizwa, awe fundi, mwandishi, mwimbaji au mwanasiasa.

Mwaka 2003, katika jiji la New York, Joshua Schachter alianzisha tovuti iliyoitwa Delicious. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ndogo. Kila asomaye katika intaneti hupenda kuweka alama kwenye ukurasa atakaoutaka tena, kama vile msomaji wa kitabu anavyokunja ncha ya karatasi. Alama hizo zilikuwa zikikaa ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe, na zikifia humo. Schachter akazitoa na kuziweka mahali pamoja pa wazi, kila moja na neno au maneno ya kuieleza, hata mtu yeyote aweze kuona wenzake wameweka alama wapi. Ukurasa uliowekewa alama na watu wengi ulijitokeza wenyewe.

Napenda msomaji asimame hapa kidogo. Watu wale hawakuwa wakipiga kura. Kila mmoja alikuwa akijiwekea akiba yake, ili kesho aipate. Ni kama njia ya miguu katika majani: hakuna aliyeamua kuikata, lakini ukiiona unajua kwamba watu wanapita, na kwamba mbele yake pana kisima au kijiji. Sidhani kama kuna ushahidi wenye nguvu kuliko huo, kwa kuwa mwenye kuutoa hana habari kwamba anatoa ushahidi.

Mwezi wa Desemba 2004 Kevin Rose na wenzake, huko California, wakafungua tovuti ya Digg, na hapo alama ikageuka kuwa kura. Msomaji alileta kiungo cha habari aliyoiona mahali. Wengine walioipenda walibonyeza kitufe. Na habari iliyopata kura nyingi kwa muda mfupi iliruka hadi ukurasa wa mbele. Mwezi Juni 2005 vijana wawili waliokuwa wametoka tu katika Chuo Kikuu cha Virginia, Steve Huffman na Alexis Ohanian, wakaanzisha Reddit, ambako kila habari ilikuwa na mishale miwili, mmoja wa kuipandisha na mwingine wa kuishusha.

Jambo hili lilipendeza sana. Mtu asiye na jina, mwenye ukurasa wake mdogo, aliweza kuamka asubuhi na kukuta maelfu ya wageni mlangoni. Mara nyingi kompyuta zilizohifadhi tovuti ndogo zilizimia kwa wingi wa wageni hao, hata jambo lenyewe likapewa jina: athari ya Digg. Mwezi Agosti 2006 gazeti la BusinessWeek lilimweka Rose kwenye jalada lake, likisema kwamba kijana huyo amepata dola milioni 60 katika miezi 18. Fedha hiyo ilikuwa ya makadirio tu, wala hakuwa nayo mfukoni. Lakini maana ilieleweka. Ukurasa wa mbele ulikuwa mali.

Na pale ukurasa ulipokuwa mali, kila kura iliyousogelea ikawa na bei. Wageni maana yake ni matangazo ya biashara, na matangazo maana yake ni mapato. Tena kura zilizohitajika hazikuwa nyingi. Makumi kadhaa ya mwanzo, yakija kwa haraka, yaliweza kuiinua habari hadi mahali ambapo watu wengine wangeiona na kuendelea wenyewe. Kwa hiyo aliyetaka kununua hakuwa na haja ya kuununua umati mzima. Alihitaji kuwanunua wale wachache wanaosimama mbele ya umati.

Wafanyabiashara wa kura hawakukawia. Mmoja wao alikuwa User/Submitter, ambao wenyewe hawakujitaja majina. Bei yao ilijulikana: mwenye habari alilipa dola 20 za kuingilia, kisha dola 1 kwa kila kura. Mpiga kura naye alilipwa senti 50 kwa kuzipigia kura habari tatu. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba katika kila dola iliyotolewa kwa kura moja, aliyeipiga alipata kama senti 17. Iliyobaki ilikuwa ya dalali.

Mwaka 2007 mwandishi wa habari Annalee Newitz aliamua kuwajaribu. Alitengeneza ukurasa wa picha za makundi ya watu, makusudi bila maana yoyote, kisha akawalipa User/Submitter wautafutie kura katika Digg. Ukurasa ule usio na maana ulipanda hadi ukahesabiwa miongoni mwa yanayopendwa, na Newitz akayaeleza yote hayo katika Wired mwezi Machi mwaka huo. Ni haki niseme pia kwamba Wired ilikuwa ya kampuni ya Condé Nast, nayo Condé Nast ilikuwa imeinunua Reddit, mshindani wa Digg, mwezi Oktoba 2006. Wapo waliolikumbusha jambo hilo wakati ule, wala hawakukosea. Lakini jaribio lenyewe lilikuwa limefanyika, na matokeo yake yalionekana.

Linalonishangaza mimi katika kisa hicho si kura zilizonunuliwa. Linalonishangaza ni kwamba baada ya hizo zilikuja kura za bure. Watu wasiolipwa hata senti waliona ukurasa unapendwa, nao wakaupenda. Hiyo ndiyo bidhaa hasa aliyouza dalali. Kura chache za kulipiwa zilikuwa chambo. Samaki walikuwa wale waliokuja kwa imani kwamba waliowatangulia walisoma na kupima.

Mtu asidhani kwamba uovu huu ulizaliwa na kompyuta. Mwanahistoria wa Kirumi, Suetonius, ameandika kwamba mfalme Nero, aliyependa sana kuimba mbele ya watu, alikusanya vijana zaidi ya 5,000 na kuwafundisha aina mbalimbali za kupiga makofi, ili washangilie kila aimbapo. Huko Paris, katika miaka ya 1830, jumba la Opera lilikuwa na mkuu wa wapiga makofi aitwaye Auguste Levasseur. Mkurugenzi wa jumba, Louis Véron, alizungumza naye kabla ya onyesho jipya, nao wakakubaliana makofi yapigwe wapi na kwa nguvu gani. Levasseur alilipwa kwa tiketi, ambazo nyingine aliziuza na nyingine akawagawia watu wake. Na katika Marekani, mwaka 1959 na 1960, bunge lilichunguza jinsi makampuni ya muziki yalivyokuwa yakiwahonga watangazaji wa redio ili sahani zao za santuri zipigwe. Sheria ikarekebishwa mwaka 1960, na mtangazaji maarufu Alan Freed akakiri kosa mahakamani mwaka 1962 na kutozwa faini.

Katika visa vyote hivi mnunuzi hakununua kelele. Kelele ni rahisi. Alinunua imani ya wale waliokaa kimya wakisikiliza, ambao walidhani kwamba makofi yanatoka moyoni, au kwamba mtangazaji amechagua wimbo kwa sikio lake mwenyewe.

Hata hivyo, sipendi tufanye haraka kusema kwamba fedha ndiyo najisi. Mwezi Julai 2006 Jason Calacanis, aliyekuwa akiiongoza tovuti ya Netscape chini ya kampuni ya AOL, alitangaza hadharani kwamba atawalipa dola 1,000 kwa mwezi wale wanaojulikana kwa kuleta habari nzuri katika Digg, Reddit, Delicious na kwingineko, wahamie kwake. Wengi walikasirika. Walisema ameharibu kazi iliyofanywa kwa mapenzi. Mimi naona Calacanis hakudanganya mtu. Alilipa jasho la kutafuta, kama gazeti linavyomlipa mwandishi wake, na kila msomaji alijua kwamba amelipa. Hakumwambia mtu yeyote aseme kitu kibaya ni kizuri. Lakini mshahara haukuleta umati. Mwezi Septemba 2007 mpango ule uliondolewa Netscape na kupewa jina jipya la Propeller, na mwaka 2010 Propeller nayo ikafungwa.

Wala tusidhani kwamba pasipo na fedha pana usafi. Huffman amesimulia mwenyewe hadharani kwamba Reddit ilipokuwa changa, yeye na mwenzake walileta habari kwa majina mengi ya bandia ili tovuti isionekane tupu. Viungo walivichagua wenyewe, na watu wa kweli walipokuja waliacha. Wapo wanaowasifu kwa werevu. Mimi nawaelewa, maana duka jipya lisilo na mteja hata mmoja hutisha. Lakini kuwaelewa si kuwasifu. Aliyefika siku zile aliambiwa kwamba mahali pana watu, na watu hawakuwapo.

Huko Digg nako kulizuka tatizo ambalo halikugharimu hata senti. Kundi dogo la watumiaji lilizoea kupigiana kura: wewe ukileta habari nami naibonyeza, kesho nikileta yangu nawe utaibonyeza, kuisoma si lazima. Sehemu kubwa ya ukurasa wa mbele ikawa yao. Mwezi Septemba 2006 Rose alitangaza kwamba hesabu itabadilishwa, ili kura za watu mbalimbali zipate uzito kuliko kura za wale wale kila siku. Wakubwa wa kundi walinung'unika, na baadhi wakasema wanajiuzulu. Mwezi Februari 2007 Digg ikaondoa kabisa orodha iliyoonyesha nani ni vinara. Sasa nauliza: kura iliyopigwa kulipa deni la urafiki, bila kusoma, ina tofauti gani na ile ya senti 17? Mkononi kuna tofauti. Kwa msomaji aliyeiamini hakuna.

Hapo ndipo nilipofikia fikra yangu juu ya jambo hili. Kura katika mahali kama hapo ni ushahidi. Anayebonyeza kitufe anasema: nimesoma, na nakuambia wewe usiyenijua kwamba inafaa kusomwa. Mahakamani shahidi anaweza kulipwa nauli na chakula, na hapana anayelalamika. Asiloweza kulipiwa ni maneno yake. Tofauti kati ya kununua usikivu na kuuchuma ipo hapo hapo: je, shahidi aliona analolishuhudia? Kama aliona, hata akilipwa nauli si neno. Kama hakuona, hata akishuhudia bure ameongopa.

Kwamba umati wa kweli una nguvu ambayo hakuna dalali anayeweza kuiuza, kulionekana tarehe 1 Mei 2007. Habari zenye namba ya siri iliyotumika kufunga filamu za HD DVD zilikuwa zimeenea katika Digg. Wenye mali walitaka iondolewe kwa sheria, na wakuu wa Digg wakaanza kuifuta. Watumiaji wakairudisha kwa mafuriko, habari baada ya habari, hata ukurasa wa mbele ukajaa namba hiyo tu. Kabla ya usiku kwisha Rose aliandika kwamba hawataifuta tena, liwalo na liwe. Sisemi kwamba umati ulikuwa na haki. Nasema kwamba siku ile kila aliyebonyeza alijua anachokibonyeza na kwa nini.

Umati huo huo ndio uliokuja kuondoka. Mwezi Agosti 2010 Digg ilijengwa upya kwa namna iliyowaruhusu wachapishaji wakubwa kuingiza habari zao moja kwa moja, na kitufe cha kuzika habari mbaya kikaondolewa. Hapakuwa na rushwa. Lakini msomaji wa kawaida aliona kwamba tenga limeshapangwa kabla hajafika sokoni. Watumiaji waliujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, kisha wengi wakahamia huko. Mwezi Julai 2012 jina na tovuti ya Digg viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks kwa bei iliyoripotiwa kuwa kama dola 500,000. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu lile jalada la milioni 60.

Sitaki kusema kwamba kura za dola moja ndizo zilizoiua Digg. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini naona kwamba mahali pale paliishi kwa kitu kimoja, yaani imani kwamba kilichoko juu kimepandishwa na watu waliosoma. Wenye kununua walikula katika imani hiyo, marafiki waliopigiana kura walikula, na mwishowe wenye tovuti nao walikula. Ghala likiliwa na wote na kujazwa na wachache, mwisho wake unajulikana.

Delicious ilikuwa na mwisho wa kimyakimya zaidi. Yahoo iliinunua Desemba 2005, ikaiuza mwaka 2011, nayo ikapita mikono kadhaa. Mwaka 2017 ilinunuliwa kwa dola 35,000 na Maciej Cegłowski, mwenye tovuti ya Pinboard. Pinboard ilianzishwa mwaka 2009 kwa kazi ile ile ya kuweka alama, ila mtumiaji hulipia. Nikisoma habari hiyo hucheka peke yangu. Huyu aliyewatoza watu fedha waziwazi ndiye aliyebaki kuwanunua waliotoa bure. Fedha aliyoipokea ilinunua nafasi ya kuhifadhia alama. Haikumnunulia mtu sifa, kwa hiyo haikuharibu ushahidi wa mtu.

Mambo haya si ya Marekani peke yake tena. Mpwa wangu mmoja ni seremala, na huweka picha za viti na makabati yake katika simu ili watu wayaone. Siku moja alikuja nyumbani, akaniamkia, kisha akanionyesha ujumbe wa mtu asiyemjua aliyekuwa akimuuzia wafuasi elfu kumi.

"Mjomba," akasema, "bei si kubwa. Wenzangu wananunua. Mteja akiona wafuasi wangu ni mia mbili, anadhani mimi sijui kazi."

Sikumdharau, kwa sababu alilosema ni kweli. Mteja hutazama idadi. Nilimuuliza tu, "Katika hao elfu kumi, nani atakayekuambia mguu wa kiti umelegea?"

Alinyamaza kidogo, akacheka, akafuta ujumbe. Mpaka leo wafuasi wake si wengi, na wapo mafundi wanaomzidi kwa idadi ambao nina shaka na idadi yao. Sina ahadi ya kumpa kwamba atawashinda. Lakini mteja akimletea mwenzake, naye anajua kwamba ameletwa na mtu aliyekalia kiti.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Mwezi Agosti 2024 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza kanuni inayokataza maoni ya uongo ya wateja, pamoja na kuuza au kununua wafuasi bandia kwa makusudi ya biashara, na kanuni hiyo ikaanza kazi mwezi Oktoba mwaka huo. Ni jambo jema. Hata hivyo sheria humfikia dalali na mnunuzi. Haiwezi kunifikia mimi na wewe tunapobonyeza kitufe kwa sababu rafiki ameomba, au kwa sababu wengi wamebonyeza.

Narudi kwenye methali ya wahenga. Nadhani waliposema kizuri chajiuza, walikuwa na soko machoni pao, na katika soko kizuri hakijiuzi kwa miujiza. Mwanamke anaonja chungwa, anamwambia jirani, jirani anakuja. Kizuri huuzwa na ulimi wa aliyeonja. Kazi hiyo haina mshahara, na hatujaona bado mashine iliyoweza kuifanya badala yetu. Basi nikiombwa kupandisha jambo la mtu, hujiuliza kwanza kama nimelionja. Kama sijalionja, naomba anipe muda nikalisome.